Mtu wa Akiba

Muhula huu niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuandika insha juu ya safari za angani. Insha zilipoletwa nilizisoma zote, na kwa haki nasema nyingi zilikuwa nzuri. Lakini niliona jambo moja lililonisumbua. Kila mwanafunzi aliandika juu ya mtu wa kwanza. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, 1961. Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza, 1963. Alexei Leonov, wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea, 1965. Neil Armstrong, wa kwanza kukanyaga mwezi, 1969. Ilikuwa kana kwamba watu wengine wote hawakuzaliwa.

Siwalaumu vijana. Sisi walimu ndio tuliowazoeza hivyo. Mwisho wa kila muhula twasimama mbele ya wazazi na kusoma majina: wa kwanza katika hesabu, wa kwanza katika Kiswahili, wa kwanza katika mbio. Watu hupiga makofi, kisha sote huenda kunywa chai. Nami ninayo sababu yangu mwenyewe ya kuandika maneno haya. Nitaitaja baadaye, maana si sababu ya kujivunia.

Nataka kuwaeleza habari za Mrusi mmoja, jina lake Boris Volynov. Maoni yangu ni kwamba mtu huyu astahili kujulikana katika shule hii kama ajulikanavyo Gagarin. Tena labda yafaa ajulikane zaidi, kwa kuwa wengi wetu tutaishi maisha yanayofanana na yake kuliko ya Gagarin.

Volynov alizaliwa Irkutsk, katika Siberia, tarehe 18 Desemba 1934, akakulia Prokopyevsk, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Mama yake alikuwa daktari, tena alikuwa Myahudi. Neno hilo la mwisho tafadhali mlikumbuke, kwa sababu litarudi. Kijana akajifunza urubani, akarusha ndege za kivita, na mwaka 1960 akachaguliwa pamoja na wenziwe kuwa kikosi cha kwanza cha wanaanga wa Urusi ya Kisovieti. Walikuwa watu 20. Gagarin alikuwa mmoja wao. Wote walijifunza mambo yale yale: walizungushwa katika mashine mpaka uzito wa miili yao ukazidi mara nyingi, walirushwa kwa miavuli, walifungiwa siku nyingi peke yao katika chumba kisichopitisha sauti. Mmoja wao, Valentin Bondarenko, aliungua katika chumba cha namna hiyo mwezi wa Machi 1961, akafa. Kipande cha pamba chenye spiriti kiliangukia jiko la umeme, na kwa kuwa hewa ya mle ndani ilikuwa na oksijeni nyingi kupita kawaida, moto ulienea mara moja. Alikuwa na umri wa miaka 24. Yapata miaka 25 ilipita kabla wananchi wa Urusi hawajaelezwa habari zake.

Katika watu hao 20, waliopata kuruka ni 12 tu.

Gagarin alipanda tarehe 12 Aprili 1961. Akafuata Titov mwaka huo huo. Mwaka uliofuata Nikolayev na Popovich. Juni 1963 Bykovsky na Tereshkova. Na Volynov? Volynov alikuwa mtu wa akiba. Bykovsky alipopanda Vostok 5, mtu aliyekuwa tayari kuingia badala yake ni Volynov.

Hapa nataka kueleza kidogo maana ya kuwa mtu wa akiba, maana naona watu hawaifahamu. Mtu wa akiba si mtu aliyeshindwa. Hujifunza yote anayojifunza yule atakayepanda. Hulala saa zile zile, hupimwa na madaktari wale wale, hufahamu kila taa na kila swichi ya chombo. Mwenziwe akipatwa na mafua asubuhi ya safari, yeye ndiye atakayeketi pale juu ya roketi, na hatapewa hata saa moja zaidi ya kujitayarisha. Na mwenziwe akiwa mzima, basi, yeye husimama chini na kutazama moshi, na kesho yake huanza mazoezi tena. Hapana picha yake gazetini.

Mwaka 1964 zamu yake ilionekana kufika. Kilitengenezwa chombo cha kuchukua watu watatu, Voskhod, naye akafundishwa ili awe kamanda wake. Zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya safari, akaondolewa. Waliopanda tarehe 12 Oktoba 1964 walikuwa Vladimir Komarov, Konstantin Feoktistov na Boris Yegorov. Jenerali Nikolai Kamanin, aliyekuwa msimamizi wa mafunzo ya wanaanga, aliandika shajara kila siku, nayo ilichapishwa baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika. Humo yasomeka kwamba dosari moja waliyomtafutia Volynov ilikuwa ni mama yake. Watu walioketi ofisini waliona si vizuri mwana wa mwanamke Myahudi awe kamanda wa safari kubwa kama hiyo. Kamanin mwenyewe alimtaka Volynov, lakini neno lake halikutosha.

Akapewa safari nyingine, Voskhod 3, apande pamoja na Georgy Shonin. Walijitayarisha miezi mingi. Mwaka 1966 safari hiyo nayo ikafutwa, na vyombo vya Voskhod vikaachwa kabisa.

Nasikia mtu akisema: huyu alikuwa mjinga, kwa nini hakuondoka? Mwalimu mwenzangu mmoja, nilipomsimulia habari hizi tukiwa katika chumba cha walimu, aliniambia kwa ukali kwamba kumsifu mtu kama huyu ni kuwafundisha watoto kuonewa na kunyamaza. Neno lake si dogo, nami nimelifikiri sana. Ni kweli kwamba alidhulumiwa. Kumnyima mtu kazi aliyoiweza kwa sababu ya mama aliyemzaa ni dhuluma, iwe Urusi, iwe popote, wala simwambii kijana yeyote wa shule hii akubali kwamba dhuluma ni haki. Mwanafunzi akionewa na aseme. Lakini wale wenye ofisi waliweza kumnyang'anya Volynov kiti cha Voskhod. Hawakuweza kumnyang'anya ufundi wake. Huo angeweza kuutupa yeye mwenyewe tu. Nani angeshangaa kama angeutupa?

Kwa maana wapo waliotupa. Katika kikosi kile kile alikuwamo Grigori Nelyubov, kijana hodari sana, mtu wa akiba wa pili katika safari ya Gagarin. Mwaka 1963 yeye na wenziwe wawili walikamatwa na askari wa doria katika kituo cha gari la moshi, wakiwa wamelewa. Aliambiwa aombe radhi ili mambo yaishe. Akakataa. Wote watatu wakafukuzwa. Nelyubov akapelekwa mashariki ya mbali kurusha ndege za kawaida, na sura yake ikafutwa katika picha zilizotolewa kwa umma. Alipowaambia watu kwamba alikuwa mwanaanga, mwenzake Gagarin, hawakumwamini. Februari 1966 aligongwa na gari la moshi, akafa. Mimi simcheki Nelyubov. Nikiifikiri habari yake huona huruma. Kungoja ni kazi ngumu, na kazi ngumu huvunja watu.

Wakati huo huo wale waliotangulia nao hawakuwa salama. Komarov, aliyepanda Voskhod badala ya Volynov, alipanda Soyuz 1 mwezi wa Aprili 1967, na katika kurudi mwavuli mkubwa haukufunguka. Alikufa, akaacha mke na watoto wawili. Gagarin mwenyewe alikufa tarehe 27 Machi 1968 katika ajali ya ndege. Wengine husema kwamba Volynov aliepushwa na mauti kwa kunyimwa. Mimi siipendi hesabu ya namna hiyo, inayompa mtu mmoja bahati kwa msiba wa mwenziwe.

Hatimaye, tarehe 15 Januari 1969, baada ya kungoja karibu miaka tisa, Volynov akapanda. Alikuwa kamanda wa Soyuz 5, pamoja na Yevgeny Khrunov na Aleksei Yeliseyev. Siku moja kabla yao alikuwa amepanda Vladimir Shatalov peke yake katika Soyuz 4. Kazi yao ilikuwa kuviunganisha vyombo viwili, kisha watu wawili watoke nje na kuingia katika chombo cha pili. Jambo hilo lilikuwa halijafanywa na mtu yeyote. Tarehe 16 vyombo viliungana. Volynov akawasaidia wenziwe kuvaa mavazi yao mazito, akafunga mlango uliokuwa kati yake na wao, nao wakatoka. Walimchukulia Shatalov barua na magazeti yaliyoandika habari za kupanda kwake. Nadhani hapana tarishi aliyepata kupeleka barua mahali pa ajabu kama pale. Wakarudi ardhini pamoja na Shatalov tarehe 17, mikono ikipungwa. Katika Soyuz 5 akabaki mtu mmoja. Hata katika safari yake mwenyewe Volynov ndiye aliyebaki nyuma kufunga mlango.

Sasa nataka wanafunzi wa fizikia wasikilize vizuri. Chombo cha Soyuz kina sehemu tatu. Ya mbele ni chumba cha kufanyia kazi. Ya nyuma ina mitambo na matangi ya mafuta. Ya katikati, yenye umbo kama kengele, ndiyo peke yake irudiyo ardhini na watu. Kitako cha kengele hiyo kina ngao nene ya kuzuia joto, kwa sababu chombo kiingiapo katika hewa kwa mwendo wa kilometa karibu 8 kwa sekunde, hewa iliyo mbele yake husongwa hata ikawa moto mkali kuliko tanuri. Lakini juu ya kengele, penye mlango, ngao ni nyembamba. Basi ni lazima kengele ishuke kwa kitako. Ndiyo maana kabla ya kuingia katika hewa sehemu ya nyuma hukatwa na kutupwa.

Tarehe 18 Januari 1969 sehemu ya nyuma haikukatika. Volynov alisikia mshindo wa kukatwa kwake, akatazama dirishani, akaona bado imeng'ang'ania. Kwa hiyo kitako chenye ngao kilikuwa kimefunikwa na mzigo mzito, na chombo kizima kikageuka, kikaanza kushuka kichwa mbele. Mlango mwembamba ndio uliotazama moto.

Hapakuwa na jambo la kufanya. Hakuwa na mwenzi, wala hakuwa na vazi la kumkinga kama hewa ya chumbani ingetoka. Badala ya kusukumwa kitini kama ipasavyo, alining'inia katika mikanda yake, uso ukielekea mlango. Mpira uliozunguka mlango ukaanza kuungua, na moshi ukajaa chumbani. Wengi wetu, nami nikiwamo, tungepiga kelele. Volynov alisimulia baadaye kwamba alizichana kurasa za daftari alimoandika habari za kuungana kwa vyombo, akazikunja na kuzisonga pamoja, ili yamkini zisiungue zote. Kisha akaanza kusema katika mashine ya kunasia sauti, akieleza lipi linatokea na kwa sababu gani, ili atakayepanda baada yake asifikwe na mambo kama hayo.

Hapo ndipo naona thamani ya miaka ile tisa. Mtu aliyetaka sifa tu, katika dakika zile angekuwa hana kitu. Sifa isingemfikia mle ndani. Volynov alikuwa amezoea kufanya kazi ambayo hapana mtu anayeiona.

Joto lililotaka kumwua ndilo lililomwokoa. Vyuma vilivyoishikilia ile sehemu ya nyuma vikalegea kwa moto, ikang'oka. Kengele, ikiwa huru, ikajigeuza yenyewe, kwa maana uzito wake uko kitakoni, na ngao ikaupokea moto uliobaki. Bado mwavuli ulipofunguka kamba zake zilijisokota kwa sehemu, na roketi ndogo za kupunguza mshindo hazikufanya kazi. Chombo kilipiga ardhi kwa nguvu hata meno yake yakavunjika. Alikuwa ameanguka mbali sana na mahali alipotazamiwa, katika theluji, baridi ikiwa chini ya sifuri kwa nyuzi zaidi ya 30. Akawa hai.

Siku nne baadaye, wanaanga walipokuwa wakiingia Kremlin kupokewa, mtu mmoja aliyevaa nguo za polisi aliyapiga risasi magari yao akidhani anamwua Brezhnev. Dereva mmoja akafa. Ni kama safari ile haikutaka kwisha. Na habari za kurudi kwa Volynov hazikutangazwa. Ulimwengu uliambiwa kwamba mambo yote yalikwenda sawasawa, na ukweli ulikuja kujulikana miaka ya 1990.

Akangoja tena. Safari hii ilikuwa miaka saba na nusu. Tarehe 6 Julai 1976 alipanda Soyuz 21 pamoja na mhandisi Vitaly Zholobov kwenda kukaa katika kituo cha Salyut 5. Zholobov akaugua huko juu, na mengi ya kazi yakamwangukia kamanda. Ikaamriwa warudi kabla ya wakati wao. Walipotaka kuondoka, kufuli iliyokiunganisha chombo chao na kituo haikuachia mara moja. Walitaabika nayo mpaka ikaachia, wakatua tarehe 24 Agosti. Volynov hakuruka tena, lakini hakuondoka kikosini. Alitoka mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 55. Alikuwa amekaa katika kazi hiyo miaka 30, na katika miaka hiyo alikaa angani siku 52. Wapenda hesabu na wagawe: wataona kwamba kwa kila siku moja ya juu alifanya siku zaidi ya 200 za chini.

Baada ya Leonov kufariki mwaka 2019, katika wale 20 wa mwaka 1960 alikuwa amesalia Volynov peke yake.

Sasa nitaitaja ile sababu yangu. Mimi ndimi mwangalizi wa mbio za kupokezana vijiti. Wakimbiaji ni wanne, wa tano ni wa akiba. Muhula uliopita kijana wetu wa tano alikuja mazoezini kila siku, mvua ikinyesha, jua likiwaka, na alikuwa amejifunza kupokea kijiti katika zamu zote nne, jambo ambalo hao wanne wenyewe hawakulijua. Siku moja aliniuliza kama atapata nafasi katika gari la kwenda mashindano. Gari lilikuwa dogo, nami nilikuwa na haraka. Nikamjibu mbele ya wenziwe, "Wewe ni wa akiba tu." Hakusema neno. Kesho yake alirudisha viatu vya mbio, amevisafisha, akaviweka juu ya meza yangu. Tulikwenda bila yeye. Mkimbiaji wetu wa tatu aliteguka kifundo cha mguu alipokuwa akijinyosha kabla ya mbio, nasi hatukuwa na mtu wa kumweka mahali pake. Wazazi walioniuliza kwa nini shule haikukimbia siku ile, hilo ndilo jibu, na kosa ni langu.

Nimekwisha kumwomba mwalimu mkuu kwamba siku ya wazazi majina ya watu wa akiba wa michezo yote yasomwe pamoja na ya wengine, katika orodha moja, bila kuwatenga mwishoni. Amesema atalifikiri. Nami naomba wazazi wanaosoma gazeti hili walitie nguvu ombi hilo.

Na yule kijana, kama anasoma hapa, ajue kwamba mazoezi yameanza tena, Jumanne na Alhamisi saa kumi. Viatu vyake sikumpa mtu mwingine. Vimo katika kabati la vifaa, rafu ya chini, na mwaka huu nimeomba gari kubwa.